Hujarogwa, Mdogo Wangu: Hiyo ni Sufuri Hasi

Maswali yenu nimeyasoma, wadogo zangu. Ya mabosi wasiolipa na wachumba wasiojibu meseji tunayaweka pembeni leo, maana kuna jambo linawatoa jasho wale mnaojifunza kuandika programu. Mnaliuliza kwa sura nyingi, ila ukilichambua ni hili:

“Shikamoo dada. Nimeandika fanksheni ya kukokotoa punguzo la bei. Mteja asiyekuwa na punguzo anatakiwa apate sufuri, na anapata sufuri. Lakini testi inakataa. Inasema ilitarajia 0, imepata -0. Nikilinganisha mwenyewe kwa ===, kompyuta inaniambia ni sawa. Nani mwongo hapa: testi, JavaScript, au macho yangu?”

Hakuna mwongo, na wala hujarogwa. Umeuliza maswali mawili ukidhani ni moja, na kila swali limepewa jibu lake. Vuta kiti nikueleze, kwa sababu ukilielewa hili la sufuri utakuwa umeelewa jambo ambalo watu wanaandika programu miaka nenda rudi bila kulishika: “ni sawa?” si swali moja.

Sufuri ya pili inatoka wapi

Shuleni tulichorewa mstari wa namba: hasi kushoto, chanya kulia, sufuri katikati haina upande. Kwa namba kamili, kompyuta za leo zinakubaliana na mwalimu. Andika -0 kwenye Python, utarudishiwa 0, kesi imekwisha. Zamani haikuwa hivyo kila mahali. Mashine kama CDC 6600 ya mwaka 1964 zilihifadhi namba kamili kwa mtindo ulioacha nafasi ya sufuri mbili, lakini mtindo huo sasa ni nadra sana.

Sufuri hasi ya leo inaishi kwenye namba za desimali, zile tunazoziita floti. Floti ya kawaida ina biti 64: biti 1 ya alama, biti 11 za kipeo na biti 52 za tarakimu zenyewe. Alama ina chumba chake peke yake, haichangii na mtu. Ukizima biti zote unapata sufuri. Ukizima zote ukaacha ya alama inawaka, unapata sufuri yenye alama ya kutoa mbele. Thamani ni sufuri, ila biti moja inasema “hasi”. Ndiyo hiyo -0 iliyokutoa jasho.

Sasa mbona wewe hukuandika desimali yoyote? Kwa sababu umo kwenye JavaScript. Humo namba ya kawaida, iwe na nukta au isiwe nayo, ni floti ya biti 64. Sufuri yako ilikuwa floti tangu ulipoiandika.

Nayo hupata alama kwa njia za kawaida kabisa. Zidisha 0 kwa -5: umepata -0. Kadiria -0.4 kwa Math.round: umepata -0. Weka alama ya kutoa mbele ya kigeu chenye 0: umepata -0. Gawanya -1 kwa Infinity: -0. Zidisha namba mbili ndogo mno, moja ikiwa hasi, mpaka jibu lishindwe kuwakilishwa: -0 tena. Kwenye msimbo wako naona uliweka alama ya kutoa mbele ya punguzo ili ligeuke kuwa makato. Punguzo la 500 likawa -500, sawasawa. Punguzo la 0 likawa -0, na testi ikaliona.

Nani aliyeitaka, na kwa nini

Msidhani hii ni ajali. Iliwekwa kwa makusudi kwenye kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985, ambacho karibu kila kompyuta unayoigusa inakifuata. Mtu anayetajwa zaidi kwenye kiwango hicho ni William Kahan, mwanahisabati kutoka Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kazi yake kwenye hesabu za floti ilimpa Tuzo ya Turing mwaka 1989.

Hoja ni hii. Floti ina kikomo. Namba ikiwa ndogo kupita uwezo wake, inamezwa na kuwa sufuri. Lakini ilikuwa ikija kutoka upande gani? Ikiwa ilikuwa hasi kabla ya kumezwa, alama inabaki kukuambia. Ndiyo maana kwenye JavaScript 1 gawanya kwa 0 ni Infinity, na 1 gawanya kwa -0 ni -Infinity. Alama ndogo hiyo inakupeleka ncha mbili za mstari.

Mfano wenye faida zaidi ni wa pembe. Fanksheni ya atan2, ambayo karibu kila lugha kubwa inayo, inakupa mwelekeo wa nukta. Ukiipa 0 na -1 inajibu pai, yaani nyuzi 180. Ukiipa -0 na -1 inajibu pai hasi, yaani nyuzi -180. Mwelekeo ni uleule, ila umeufikia kwa kuzunguka kutoka pande mbili tofauti. Mtu anayechora ramani karibu na mstari wa nyuzi 180 wa longitudo, ambako mashariki na magharibi zinakutana, anaihitaji tofauti hiyo.

Kwa hiyo sufuri mbili zina sababu ya kuwepo. Likafuata swali gumu: ukizilinganisha, zijibu nini?

Waandishi wa kiwango waliamua zijibu kuwa ni sawa. David Goldberg, katika makala yake ya mwaka 1991 ambayo wanafunzi wa kompyuta wanapewa mpaka leo, alieleza sababu: kama sufuri mbili zingekuwa si sawa, sharti jepesi kabisa la kuuliza kama x ni sufuri lingejibu kwa kubahatisha, kutegemea alama ambayo hata hukujua ipo. Hebu fikiria kila mahali umewahi kuandika “ikiwa ni sufuri, usigawanye”. Kila mahali hapo pangekuwa na shimo.

Uamuzi huo una gharama, na Goldberg hakuificha. Tulifundishwa kwamba vitu viwili vikiwa sawa, ukivifanyia jambo moja vitabaki sawa. Hapa sheria hiyo inavunjika: 0 na -0 ni sawa, lakini 1 ukiigawanya kwa kila moja majibu si sawa. Waandishi wa kiwango walipima, wakaona heri kulipa gharama hiyo kuliko ile nyingine. Mimi naona walipima vizuri.

Maswali mawili yaliyovaa kanzu moja

Chukua pacha, Kulwa na Doto. Kondakta akidai nauli, wale ni sawa: kila mmoja analipa ileile, na hakuna anayejali nani alizaliwa kwanza. Mwalimu akiita majina darasani, si sawa: Kulwa akiitikia kwa jina la Doto huo ni udanganyifu. Kondakta na mwalimu wote wako sahihi, ila kila mmoja ana kazi yake.

Lugha za programu zinafanya hivyohivyo. Kuna swali la thamani: je, hivi viwili vinahesabika sawa? Na kuna swali la utambulisho: je, naweza kuondoa kimoja nikaweka kingine bila mtu yeyote kugundua? Kwa 0 na -0, la kwanza linajibiwa ndiyo, na la pili linajibiwa hapana, kwa sababu anayegawanya atagundua.

Kwenye swali la thamani lugha zinaimba wimbo mmoja. Alama == ya C, C++, Java, C#, Go, Rust, Swift, Python na PHP, pamoja na === ya JavaScript, zote zinasema 0.0 na -0.0 ni sawa. Hapo huhitaji kukariri chochote.

Kwenye swali la utambulisho ndipo kila mmoja anapoonyesha tabia yake.

Ukiiacha ==, JavaScript ina mizani tatu, na ndipo wengi mnapopotelea. Ya kwanza ni ===, inayosema 0 na -0 ni sawa. Ya pili ni Object.is, iliyoingia mwaka 2015, inayosema si sawa. Ya tatu haina alama ya kuandika, imejificha ndani ya Set, Map na includes. Hiyo inazichukulia sufuri mbili kuwa kitu kimoja, na Map inakwenda mbali zaidi: ukiipa ufunguo wa -0, inauvua alama kabisa na kuuhifadhi kama 0.

Sasa rudi kwenye testi yako. Jest, chombo cha kuendeshea testi, ukitumia toBe, inalinganisha kwa Object.is. Hata toEqual, ambayo watu huikimbilia wakidhani ni mpole zaidi, inatofautisha 0 na -0. Kwenye Node, assert.strictEqual nayo inatumia Object.is, ingawa jina lake linakufanya udhani ni ===. React pia inatumia Object.is kuamua kama hali ya komponenti imebadilika. Thamani ikitoka 0 kwenda -0, React inaona kuna jipya na inachora upya, wakati wewe uliyeko mbele ya skrini huoni kitu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, wewe uliuliza kwa === ukajibiwa kuhusu thamani. Testi iliuliza kwa Object.is ikajibiwa kuhusu utambulisho. Wote mlipewa ukweli.

“Dada, HashSet yangu ina sufuri mbili”

Huyu mwingine yuko kwenye Java na anasema ameingiza vipimo kwenye HashSet ya Double, akakuta 0.0 na -0.0 zimekaa pamoja kama wapangaji wawili. Lakini akiandika 0.0 == -0.0 anapata kweli.

Java inatenganisha wazi. Ukilinganisha double tupu kwa ==, unapata jibu la thamani. Ukishaiweka ndani ya kitu cha aina ya Double na kuita equals, unapata jibu la utambulisho: si sawa. Nyaraka za Java zenyewe zinasema hivyo na kutoa sababu, kwamba majedwali ya heshi yafanye kazi vizuri. Double.compare nayo inaiweka -0.0 chini ya 0.0, kwa hiyo ukipanga orodha kwa Arrays.sort, sufuri hasi inatangulia. Hata assertEquals ya JUnit 5 ukiipa 0.0 na -0.0 bila kiwango cha uvumilivu itakukatalia.

Sitawalaumu Java hapo. Wameweka majina mawili kwa maswali mawili, na wameandika.

Ninaowalaumu kidogo ni Kotlin, na nasema haya nikijua wengi wenu mnaitumia kutengeneza programu za simu za Android. Kwenye Kotlin, ikijulikana wazi kwamba vitu viwili ni Double, == inajibu kwamba 0.0 na -0.0 ni sawa. Ukiziweka kwenye vigeu vya aina ya Any, au ukalinganisha orodha mbili zenye hizo sufuri, == hiyohiyo inajibu kwamba si sawa. Nyaraka zao zimeeleza, sikatai. Lakini alama moja kutoa majibu mawili kwa kutegemea aina uliyoandika mistari 30 juu, huo ni mtego. Ukiwa Kotlin, kuwa macho.

Python ina moyo wa amani. Kwake 0.0 == -0.0 ni kweli, heshi zao ni moja, na kwenye dict ni ufunguo mmoja. Ila ina kituko chake: ukianza na ufunguo wa -0.0 kisha ukaandika thamani mpya kwa 0.0, thamani inabadilika lakini ufunguo unabaki -0.0, kwa sababu aliyetangulia ndiye mwenye kiti. Linganisha sasa: kwa tendo hilohilo Java inakupa funguo mbili, Python inakupa ufunguo mmoja wenye alama, na Map ya JavaScript inakupa ufunguo mmoja usio na alama. Mtu anayehamisha msimbo kutoka lugha moja kwenda nyingine bila kujua hili atajikuna kichwa usiku kucha.

Rust imekwepa ugomvi kwa kukataa: floti haina ruhusa ya kuwa ufunguo wa HashMap moja kwa moja. Unataka kuzipanga kikamilifu, kuna total_cmp, na hiyo inaiweka -0.0 chini ya 0.0. Julia ina == inayosema sawa na isequal inayosema si sawa, na Dict yake inatumia isequal. Scheme na Common Lisp, wazee wa kazi, walitenganisha zamani: = ni ya thamani, eqv? na eql ni za utambulisho. Na Go ina mzaha wake: ukiandika -0.0 kwenye msimbo unapata sufuri chanya, kwa sababu namba uliyoiandika moja kwa moja inahesabiwa kihisabati kabla haijawa floti. Ukiitaka hasi unaweza kuiita kwa math.Copysign.

Aliyenifurahisha ni Erlang, lugha iliyozaliwa kwenye kampuni ya simu ya Ericsson huko Sweden. Kwa miaka mingi alama yake kali ya usawa, =:=, ilisema 0.0 na -0.0 ni sawa. Toleo la OTP 27 la mwaka 2024 likageuza: =:= sasa inasema si sawa, na == inaendelea kusema sawa. Waliona kwamba kompaila ikiamini vitu viwili ni kitu kimoja, inaweza kubadilisha kimoja kwa kingine, na alama ya sufuri ikapotea njiani bila mwenye programu kujua. Hawakukurupuka, walitoa onyo kwanza kwenye matoleo yaliyotangulia. Lugha nzima kubadili jibu lake kwa ajili ya biti moja kunaonyesha kwamba biti hiyo si ya kudharau.

“Dada, mteja ameona salio la -0.00”

Swali hili linakuja na hofu, maana mteja akiona alama ya kutoa kwenye salio anadhani anadaiwa.

Hapa kuwa mwangalifu, kwa sababu mara nyingi hiyo si sufuri hasi. Ni namba ndogo hasi iliyokadiriwa wakati wa kuandikwa. Kwenye JavaScript, -0.004 ukiiandika kwa toFixed(2) inatoka “-0.00”. Python na Java nazo zinakupa hivyohivyo ukiandika kwa desimali mbili. Lakini -0 yenyewe, ukiipitisha kwenye toFixed(2), inatoka “0.00” safi, na ukiigeuza kuwa maandishi ya kawaida inatoka “0”. Yaani JavaScript inaificha sufuri hasi halisi na kukuonyesha ya bandia. Ukitumia Intl.NumberFormat mambo yanageuka: hiyo inaonyesha “-0” bila haya.

Python wamelitengenezea dawa kuanzia toleo la 3.11. Weka herufi z kwenye maelekezo ya kuandika namba, na sufuri yoyote inayopatikana baada ya kukadiria itavuliwa alama. Kwenye JavaScript, kadiria kwanza, vua alama, ndipo uandike.

Na kwa kuwa tumetaja salio: fedha usizihifadhi kwenye floti zenye desimali. Hifadhi kwa senti au shilingi kamili. Ila sikia, kwenye JavaScript hata shilingi kamili ni floti, kwa hiyo sufuri hasi inakufuata mpaka humo. Ukitaka kuwa salama kabisa tumia BigInt, ambayo haina sufuri hasi.

Jambo jingine mnalolisahau ni safari ya data. JSON.stringify ya JavaScript inaiandika -0 kama 0, alama inaachwa nyuma. Lakini Python ikiandika -0.0 kwenye JSON inaandika “-0.0”, na JavaScript ikiisoma inapata -0 kamili. Kwa hiyo seva ya Python inaweza kukuletea sufuri hasi kwenye ukurasa wako, nawe unalaumu msimbo wako bure.

“Si tuipuuze tu, dada?”

Kwa kazi nyingi, ndiyo, ivue alama usonge mbele. Lakini usiseme haina maana popote. Taarifa za hali ya hewa za viwanja vya ndege, zile za METAR, huandika M00 pale joto likiwa chini kidogo ya sufuri na likikadiriwa linakuwa sufuri. Hiyo M ni “hasi”, na rubani anayewaza barafu kwenye mabawa anataka kujua yuko upande gani.

Na wanaoandika kompaila hawana anasa ya kupuuza. Mwaka 2018 V8, injini ya JavaScript iliyomo ndani ya Chrome, ilipatikana na kasoro: kompaila yake iliamini kwamba Math.expm1 haiwezi kamwe kurudisha sufuri hasi, ilhali ukiipa -0 inarudisha -0. Kwa imani hiyo iliamua mapema kwamba kulinganisha jibu na -0 kwa Object.is lazima kutoe “si kweli”. Wataalamu wa usalama wakaonyesha kwamba pengo hilo kati ya kompaila inachoamini na kinachotokea linatosha kumwezesha mtu mbaya kusoma na kuandika kumbukumbu asiyoruhusiwa ndani ya kivinjari. Kasoro ikazibwa. Ilianzia kwenye swali lako lilelile, mdogo wangu: je, 0 na -0 ni sawa?

Sasa ufanye nini

Kwanza, amua kama alama ya sufuri ina maana kwenye kazi yako. Bei, idadi ya bidhaa, alama za mtihani: haina. Pembe, mwelekeo, upande ambao kitu kilitoka: inaweza kuwa nayo. Uamuzi huu ni wako, lugha haiwezi kukufanyia.

Pili, kama haina maana, ivue alama pale inapozaliwa. Njia nyepesi ni kujumlisha sufuri: -0 jumlisha 0 ni 0, kwenye JavaScript, Java na Python. Na ukitaka kugeuza alama ya namba, andika 0 - x badala ya -x. 0 toa 0 inakupa sufuri chanya. Hiyo peke yake ingeiponya fanksheni yako ya punguzo. Usitumie ujanja wa x || 0 kwenye JavaScript bila kufikiri, kwa sababu unaifuta na NaN pia, yaani jibu la “si namba”, na NaN ni dalili ya ugonjwa unaotakiwa kuuona. Na kama uko kwenye C na unatumia -ffast-math ya GCC, jua kwamba umeiruhusu kompaila ipuuze alama za sufuri, kwa hiyo hesabu yoyote inayozitegemea haina dhamana tena.

Tatu, kwenye testi za floti usidai utambulisho. Tumia ulinganisho wenye uvumilivu: toBeCloseTo kwenye Jest, assertEquals yenye kiwango cha tofauti kwenye JUnit, pytest.approx kwenye Python. Lakini kama kazi yako ni ya pembe na alama ina maana, hapo dai utambulisho kwa makusudi, na uandike kwenye maelezo ya testi kwa nini umedai.

Nne, usitumie floti kama ufunguo wa Map, HashMap au dict ukiweza kuepuka. Umeona lugha tatu zikitoa majibu matatu.

Tano, ukitaka kujua kama sufuri uliyonayo ni hasi, usiulize kama ni ndogo kuliko sufuri. Utajibiwa hapana, kwa kuwa zinahesabika sawa. Uliza kwa chombo chake: Object.is(x, -0) kwenye JavaScript, math.copysign(1, x) kwenye Python, signbit kwenye C, Double.compare kwenye Java.

Sita, na hili ndilo ningependa mlishike kuliko yote: kila lugha mpya unayojifunza, kabla ya kukimbilia fremuweki zake, tafuta ukurasa unaoeleza usawa na uusome mpaka mwisho. Jaribu mambo mawili tu, 0.0 dhidi ya -0.0, na NaN dhidi ya yenyewe, kwa kila chombo cha kulinganisha ambacho lugha hiyo inacho. NaN ni kinyume cha sufuri zetu: == inasema haiko sawa hata na yenyewe, ilhali Object.is inasema ni ileile. Majaribio hayo mawili yatakuonyesha kila chombo kinauliza swali gani.

Mdogo wangu wa punguzo la bei, usiifute testi yako, na usiibadilishe ili tu inyamaze. Imekuambia kweli kuhusu msimbo wako, na huko mbele itakuokoa kwenye kubwa zaidi ya sufuri. Badilisha -x iwe 0 - x, iendeshe tena, ipite. Kisha ukiandika == nyingine, kwanza jiulize unataka kujua nini.